Karani na Baba: Kumkumbuka Shaaban Robert, Mtumishi wa Serikali (1909-1962)

1. Utangulizi

Katika mafunzo ya fasihi ya Kiswahili, jina la Shaaban Robert hutajwa karibu kila mara pamoja na orodha ya vitabu vyake. Mwanafunzi wa Lubumbashi, wa Bukavu au wa Kisangani hukutana naye kwanza kama mshairi, kisha kama mtungaji wa Kusadikika, na mwishowe kama swali la mtihani. Ni mara chache anapokutana naye kama mtu aliyeamka asubuhi, akaenda ofisini, akakaa mezani mpaka saa ya kufunga, kisha akarudi nyumbani kwa watoto waliokuwa wakimngojea. Hata hivyo, hayo ndiyo yaliyokuwa maisha yake. Uandishi haukumpa riziki ya kudumu. Kwa muda wa miaka 34 alikuwa karani wa serikali ya Tanganyika, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo alikuwa baba mwenye jamaa ya kulisha.

Makala haya yanakusudia kuzikumbuka hali hizo mbili, ukarani na ubaba, na kuonyesha kwamba hazikuwa pazia tu nyuma ya kazi ya mtunzi. Ukarani ulimpa zana, yaani kalamu, karatasi, na mazoea ya kuandika jambo ili lisipotee. Ubaba ulimpa sababu ya kuitumia zana hiyo. Zaidi ya hayo, alivyoelewa wajibu wa baba kwa mwanawe ndivyo alivyoelewa pia wajibu wa serikali kwa raia wake. Msomaji asiyeona kiungo hicho huweza kumdhania kuwa mwalimu wa utii tu.

2. Miaka 34 mezani

Shaaban Robert alizaliwa tarehe 1 Januari 1909 katika kijiji cha Vibambani, upande wa Machui, kusini ya mji wa Tanga. Nchi ilikuwa bado chini ya Wadachi. Alipofikia umri wa kusoma, vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimekwisha na Waingereza walikuwa wameshika utawala. Alisoma Dar es Salaam tangu 1922 hata 1926, akapata cheti cha kumaliza masomo, akiwa wa pili miongoni mwa watahiniwa 11. Kwa kijana Mwafrika wa siku zile, cheti kile kilifungua mlango mmoja uliojulikana sana, nao ni mlango wa ofisi.

Mwaka huo huo wa 1926 aliingia Idara ya Forodha. Humo alidumu mpaka 1944, na sehemu kubwa ya muda huo aliitumikia Pangani. Mji huo una historia inayowahusu wasomaji wa Kongo pia. Uko mdomoni mwa mto, na katika karne ya 19 ulikuwa mmojawapo wa miji ya pwani ambayo misafara iliianzia safari zake za bara. Njia za pwani zilizopitia Tabora na Ujiji ndizo zilizokifikisha Kiswahili Manyema na kingo za mto Lualaba. Lakini wakati wa Shaaban Robert, reli iliyoanzia Tanga ilikuwa imekwisha kuichukua biashara, na Pangani ilikuwa bandari ndogo iliyoishi kwa kumbukumbu. Karani wa forodha huandika kilichoingia na kilichotoka, huhesabu ushuru, hutoa stakabadhi na kutunza daftari. Ni kazi ya uaminifu wa kila siku isiyo na sifa. Kosa dogo huonekana mara moja, na usahihi wa miaka mingi hautajwi na mtu.

Mwaka 1944 alihamishwa kwenda Mpwapwa, bara, katika idara ya mifugo. Mwaka 1946 alirudi Tanga, akawekwa katika ofisi ya wilaya hata 1952. Kutoka hapo alihamia ofisi ya upimaji wa ardhi mjini humo humo, akaitumikia mpaka alipostaafu mwaka 1960. Uhamisho ni neno fupi katika barua ya serikali, lakini katika nyumba ya mtumishi lina maana ndefu: vyombo kufungwa, watoto kutolewa shuleni, wazee kuachwa nyuma, na safari yenye gharama. Safari ya Mpwapwa aliisimulia mwenyewe katika Maisha Yangu, kitabu kilichochapishwa mwaka 1949.

Nje ya saa za ofisi, karani huyu aliandika. Pambo la Lugha lilitolewa Afrika ya Kusini na Chuo Kikuu cha Witwatersrand katika miaka ya 1940. Kusadikika ilifuata mwaka 1951, Adili na Nduguze mwaka 1952, na vingine baada ya hapo. Alipata tuzo ya kumbukumbu ya Margaret Wrong na nishani ya MBE ya serikali ya Uingereza, akawa mjumbe katika kamati iliyoshughulikia Kiswahili cha Afrika ya Mashariki. Pamoja na heshima zote hizo, ofisini aliendelea kuwa karani. Aliyekuwa bingwa wa lugha mbele ya Afrika ya Mashariki nzima alikuwa, mbele ya daftari la mahudhurio, mtu wa daraja la chini.

3. Karani wa Kiafrika, Tanganyika na Kongo

Ili kupima uzito wa hali hiyo, yafaa kukumbuka jinsi utumishi wa kikoloni ulivyopangwa. Katika Tanganyika vyeo na mishahara vilifuata rangi: Mzungu juu, Mhindi kati, Mwafrika chini. Makarani wa Kiafrika walilijua jambo hilo mapema. Tanga yenyewe ndipo mahali ambapo Martin Kayamba, karani mashuhuri, alianzisha mwaka 1922 chama cha watumishi wa serikali wa Kiafrika, na habari za maisha ya Kayamba zilichapishwa Uingereza mwaka 1936 katika kitabu cha Margery Perham juu ya Waafrika kumi. Kwa hiyo, Shaaban Robert alipoingia kazini, palikuwa tayari na kabila dogo la watu wa kalamu. Walivaa safi, waliandika kwa mwandiko mzuri, walisoma magazeti, na wote walijua ni ngazi gani ambayo mguu wao haungeruhusiwa kuikanyaga.

Msomaji Mkongo hana haja ya kuelezwa sana juu ya mtu wa namna hiyo, maana naye anamjua kutoka upande wake. Katika Kongo ya Wabelgiji karani alikuwa nguzo ya kundi la wale walioitwa „walioendelea”. Ila palikuwa na tofauti mbili zinazostahili kutazamwa.

Tofauti ya kwanza ni ya lugha. Katika Tanganyika, Wadachi na baadaye Waingereza walikitumia Kiswahili katika utawala wa chini na katika shule. Tangu 1930 palikuwa na kamati ya nchi nne za Afrika ya Mashariki iliyosimamia usanifishaji wa lugha hiyo juu ya msingi wa Kiunguja. Karani aliweza kuipanda ngazi ya maarifa bila kuiacha lugha ya nyumba yake. Katika Kongo, Kiswahili kilikuwa lugha ya kazi migodini, ya misheni na ya madarasa ya chini, lakini heshima yote ya maandishi ilipewa Kifaransa. Patrice Lumumba, aliyekuwa karani wa posta Stanleyville, mji unaoitwa sasa Kisangani, alipoandika kitabu juu ya hatima ya Kongo katika miaka ya 1950, alikiandika kwa Kifaransa. Hakuwa na hiari nyingine kama alitaka kusikiwa na wakubwa. Karani wa Tanga aliweza kuandika kwa lugha ambayo binti yake angeisoma.

Tofauti ya pili inahusu nyumba. Wabelgiji walianzisha kadi ya sifa ya uraia mwaka 1948, na mwaka 1952 wakatoa amri juu ya uandikishwaji wa wale waliohesabiwa kufikia ustaarabu wa Kizungu. Kwa ajili ya heshima hizo mtu alichunguzwa hata nyumbani: jinsi alivyokula, alivyoishi na mkewe, alivyowalea watoto wake. Hivyo ubaba wenyewe uligeuzwa kuwa mtihani mbele ya serikali, na matunda ya mtihani huo yalikuwa haba. Mwishoni mwa utawala wa Wabelgiji, katika vyeo vya juu vya utumishi vilivyojaa maelfu ya Wazungu, Wakongo walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Shaaban Robert hakupitishwa katika mtihani wa namna hiyo. Alichofanya ni kinyume chake: alichukua kipimo cha ubaba mwema na kuipimia serikali, kama itakavyoonyeshwa.

4. Kifo cha Amina na mzigo wa baba

Mke wake wa kwanza, Amina, alifariki akiwa bado kijana, akamwachia watoto. Shaaban Robert aliomboleza katika shairi linalojulikana kwa jina la marehemu, ambalo vizazi vya wanafunzi wamelisoma. Ni kawaida ya wahakiki kulichambua shairi hilo kama shairi la mapenzi. Lakini kifo cha mke katika nyumba ya mtumishi wa serikali si jambo la mapenzi peke yake. Ni pia swali la asubuhi inayofuata: nani atawapikia watoto wakati baba yuko ofisini? Nani atamfundisha binti yale ambayo mama angemfundisha? Na kama barua ya uhamisho itakuja, watoto watamfuata baba au watabaki kwa jamaa?

Desturi ya pwani ilikuwa na majibu yake. Bibi, shangazi na mama wadogo huchukua mahali pa mama, na baba huhesabiwa kuwa mtu wa kuleta riziki na kutoa amri. Shaaban Robert alioa tena, kama ilivyo desturi. Ila hakuridhika na sehemu ya mleta riziki peke yake. Kazi ya kumwasa binti, ambayo ilikuwa ya mama, aliibeba mwenyewe, akaitekeleza kwa njia aliyoijua kuliko zote, yaani kwa maandishi.

Tabia hiyo ya kutunza ujamaa kwa kalamu inaonekana pia katika barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, ambaye naye alikuwa mwandishi. Barua hizo, za tangu 1931 mpaka 1958, zilihaririwa na Mugyabuso Mulokozi na kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 2002. Miaka 27 ya barua kwa ndugu mmoja ni ushahidi wa kutosha. Mtu aliyeandika mchana kutwa kwa ajili ya serikali alipata bado nguvu ya kuandika kwa ajili ya jamaa yake.

5. Hati na Adili

Ndani ya Maisha Yangu zimewekwa tenzi mbili. Utenzi wa Hati ameandikiwa binti, na Utenzi wa Adili ameandikiwa mwana wa kiume. Kuwekwa kwake humo kuna maana. Mtu anaposimulia maisha yake kwa umma, hutarajiwa kueleza alikozaliwa, alikosoma na alichokifanya. Huyu aliona kwamba maisha yake hayajaelezwa mpaka yawemo pia maneno aliyowaachia watoto. Nasaha hizo alizihesabu kuwa sehemu ya matendo yake.

Jina la utenzi wa kwanza lastahili kutuliwa. Neno „hati” limetoka katika Kiarabu, lenye asili ya maana ya mstari na ya mwandiko. Katika Kiswahili limebeba maana kadha: mwandiko wa mtu, waraka, na hasa karatasi yenye nguvu ya sheria, kama hati ya shamba au hati ya mauzo. Ni neno la ofisini. Karani aliyeshinda akishika hati za watu wengine, za bidhaa na za ushuru, aliketi akamwandikia binti yake hati yake mwenyewe. Mtu asiye na mashamba ya kurithisha, mwenye mshahara wa daraja la chini, alimwachia mwanawe waraka wa thamani aliouweza kuuandika bila kuomba saini ya mkubwa yeyote.

Kwa umbo, utenzi huu unafuata njia ya kale. Beti zina vipande vinne, kila kipande mizani minane. Vina vya vipande vitatu hufanana, na cha nne hurudi kile kile kutoka ubeti hadi ubeti. Mpango huo husaidia kumbukumbu. Mtoto anayejua kina cha mwisho huwa ameshika kamba ya kumwongoza mpaka mwisho. Kwa maudhui pia una mzazi wake. Mwaka 1858 Mwana Kupona, mjane wa mtawala wa Siu, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake utenzi wa nasaha, naye akafariki baada ya muda mfupi. Tangu hapo utenzi wa mama kwa binti ulikuwa kielelezo kinachojulikana pwani nzima. Aliyekuwa na hakika ya kufa aliweka maneno yake mahali pa mwili wake.

Shaaban Robert alikigeuza kielelezo hicho kwa namna mbili. Kwanza, mahali pa mama aliyekufa aliketi baba aliye hai. Sauti inayomfundisha binti juu ya dini, usafi, kazi, ulimi, ujirani na ndoa ni sauti ya mwanamume aliyeona kwamba nafasi imebaki tupu. Pili, hakumwandikia binti peke yake. Kwa kumtungia mwana wa kiume utenzi ulio sawa na ule wa dada yake, alikataa desturi ya kudhani kwamba adabu ni mzigo wa wanawake tu. Utenzi wa Adili unamtaka mvulana awe na utii, huruma, kiasi na ukweli. „Adili” ni neno la jamii moja na „uadilifu”, lenye shina la maana ya haki na usawa wa mizani. Baba hakumwambia mwanawe awe mkubwa. Alimwambia awe mnyofu.

6. Ofisi ndani ya hadithi

Neno hilo la adili lilimtoka nyumbani likaingia katika hadithi. Adili na Nduguze huanza kwa jambo la kiofisi kabisa: kodi ya jimbo moja haikufika kwa mfalme Rai, na mjumbe anatumwa kwenda kuiuliza. Jimbo hilo ni Janibu, na liwali wake ni Adili. Mjumbe anamkuta ni mtawala mwema, ila mwenye siri: kila usiku huwapiga manyani wawili. Siri hiyo inafichuliwa mbele ya mfalme, na manyani hao wanajulikana kuwa ni nduguze, Hasidi na Mwivu, waliomtendea ubaya na yeye akawapenda. Kiini cha kisa kina jamaa yake katika hadithi za Alfu Lela Ulela. Lakini jinsi mtunzi alivyomchora mtumishi aliyefungwa kati ya amri ya juu na huruma yake kwa ndugu ni jambo ambalo karani mwenye jamaa alilijua bila kulisoma popote.

Kusadikika inakwenda mbali zaidi. Karama anashitakiwa na waziri Majivuno kwa sababu ya kufundisha watu elimu ya sheria. Katika utetezi wake anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa na nchi hiyo hiyo: mmoja mashariki, mmoja magharibi, mmoja kaskazini, mmoja kusini, mmoja mbinguni na mmoja ardhini. Kila mmoja alisafiri kwa taabu, akaona mambo ambayo yangaliifaa nchi yake, akarudi na taarifa, na kila mmoja akalipwa kifungo badala ya shukrani. Hadithi hii imefasiriwa mara nyingi kama mfano juu ya ukoloni, na tafsiri hiyo ni halali. Hata hivyo, ukiisoma ukikumbuka meza ya mtunzi, inaonekana pia kuwa hadithi ya watumishi wa serikali. Wajumbe wale si waasi. Wametumwa, wamekwenda, wametimiza kazi, wameandika taarifa. Kosa lao ni kwamba walitumika kwa uaminifu kuliko serikali ilivyostahili.

Yafaa kukumbuka kwamba kitabu hicho kilitoka mwaka 1951, mtunzi akiwa bado katika ofisi ya wilaya. Katika miaka iliyofuata, watumishi wa serikali ya Tanganyika walikatazwa kuwa wanachama wa vyama vya siasa, na TANU ilipoundwa mwaka 1954 makarani wengi walilazimika kuchagua kati ya kadi ya chama na mshahara. Mwenye watoto alichagua kwa uchungu. Shaaban Robert alibaki kazini hata 1960. Anayemlaumu kwa kutoacha kazi na azisome kwanza zile safari sita. Huko ndiko alikoyaweka yale ambayo mtumishi hakuruhusiwa kuyasema jukwaani.

Katika hadithi nyingine, zilizochapishwa baada ya kifo chake, nyumba na ofisi zinakutana tena. Kufikirika, ya mwaka 1967, ni habari ya mfalme asiye na mrithi, ambaye huitumia nguvu yote ya dola ili apate mtoto, na ampatapo hajui amlee namna gani. Mwalimu aliyetaka kuyarekebisha mafunzo ya mtoto huyo anafukuzwa. Mfalme anashindwa kama baba, na hapo hapo anashindwa kama mtawala. Nayo Utubora Mkulima, ya mwaka 1968, inamchora mtu aliyeiacha kazi ya mshahara mjini ili akalime shamba. Huenda hiyo ilikuwa ndoto ya kila karani aliyewahi kutazama saa ya ukutani.

Kutokana na hadithi hizo hutokea fundisho moja. Kwa Shaaban Robert, mtoto si mali ya baba, na raia si mali ya mfalme. Wote wawili ni amana. Mwenye kupewa amana huulizwa hesabu yake, kama karani wa forodha anavyoulizwa daftari. Utii anaoufundisha katika Utenzi wa Adili una upande wa pili, ambao umeandikwa katika Kusadikika: anayetiiwa naye ana deni.

7. Mipaka ya hati

Kumkumbuka mtu si kumtakasa. Msomaji wa leo, na hasa msomaji wa kike, hukuta katika Utenzi wa Hati mambo ya kujadiliwa. Mke anayefundishwa humo ni mke wa nyumbani, mwenye kumridhisha mume, na furaha yake inapimwa sana kwa amani ya ndoa. Baba aliyevuka mpaka wa desturi kwa kuchukua kalamu ya mama hakuuvuka mpaka huo kwa yale aliyoyaandika. Binti aliandaliwa kwa ajili ya ulimwengu uliokuwapo, na mwana aliandaliwa kwa ajili ya ulimwengu uliotamaniwa.

Hata hivyo, lazima kuongeza jambo jingine. Mtu huyo huyo aliandika wasifu wa Siti binti Saad, uliochapishwa mwaka 1958. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika ufukara, hakupelekwa shule, akajipatia riziki na jina kwa sauti yake mwenyewe, mpaka sahani zake za santuri zikasikika pwani nzima. Kwa kumchagua mwanamke huyo badala ya liwali au sheikh, Shaaban Robert alikiri kwamba maisha ya mwanamke hayamaliziki katika mipaka ya hati aliyompa binti yake. Kati ya utenzi na wasifu kuna hatua kubwa, na yafaa mwanafunzi aipime mwenyewe, badala ya kuchagua kitabu kimoja na kukifanya hukumu.

Mpaka mwingine ni wa mali. Alistaafu mwaka 1960, akaona uhuru wa Tanganyika tarehe 9 Desemba 1961, akafariki Juni 1962 akiwa na umri wa miaka 53, akazikwa kwao Machui. Pumziko lake baada ya miaka 34 ya kazi lilikuwa la miaka miwili. Maandishi yake mengi yalikuwa bado hayajachapishwa. Mfululizo wa Diwani ya Shaaban ulianza kutolewa na Nelson mwaka 1966, yaani baba hakuuona. Aliyewaandikia watoto wake ili wasikose urithi hakupata kuona thamani ya urithi wenyewe.

8. Hitimisho

Swali lililo chini ya maisha haya si la Tanga peke yake. Katika nchi ambako mtumishi wa serikali amejua miezi ya kungoja mshahara, ambako mwalimu na karani wamelazimika kulima, kuuza na kukopa ili watoto wasome, kila baba hujiuliza: nitawaachia nini? Shaaban Robert alijibu kwamba mtu huweza kuacha maneno, kama ameyaishi kwanza, na kama ameyaandika kwa lugha ambayo watoto wanaielewa. Jibu hilo halijazi sufuria, naye alilijua, maana hakuiacha kazi ya mshahara kwa ajili ya ushairi. Alifanya yote mawili, mchana moja, usiku jingine.

Kwa wachunguzi wa Kiswahili katika Kongo, mfano wake unaelekeza kazi iliyo mbele. Inajulikana sasa kwamba Kiswahili cha huku nacho kiliandikwa na watu wa kazi. Mwaka 1965 André Yav aliandika kwa Kiswahili cha Katanga historia ya mji wa Elisabethville, kwa macho ya wale waliotumika katika nyumba za Wazungu, na Johannes Fabian aliitoa tena pamoja na uchambuzi mwaka 1990. Hati nyingine zimo bado katika masanduku ya jamaa: barua za makarani wa reli na wa posta, daftari za gharama, nasaha za baba kwa mtoto aliyekwenda shule ya mbali. Wenye kuziandika wanapungua, na mchwa hauna subira. Kuzikusanya, kuzinakili na kuzisoma kwa heshima ni kazi ya fasihi na ya historia pamoja. Mwanafunzi anayetafuta mada ya kazi yake ya mwisho angeweza kuanza na sanduku la babu yake.

Shaaban Robert alikuwa na sanduku la namna hiyo. Kama mdogo wake asingezitunza zile barua kwa miongo mingi, sehemu hii ya maisha yake ingalipotea, na karani wa Pangani angalibaki jina tu juu ya jalada la kitabu.